Uzi Ulio Chini ya E: tarehe ya besi ya nyuzi sita

Mpiga besi yeyote aliyepanda jukwaani na bendi ya dansi anaujua ujanja huu. Wimbo umeshushwa ili umfae mwimbaji, noti ya chini kabisa haipo kwenye gitaa lako, na mpiga ngoma ameshaanza kuhesabu. Unakamata kigingi cha uzi mnene, unaulegeza kutoka E hadi D, halafu unaomba Mungu. Nimeufanya miaka mingi. Uzi uliolegezwa hivyo unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Unagonga freti, unakwaruza, na sauti yake butu haikuambii iko wapi. Nilidhani kasoro ni ya vidole vyangu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kijana mmoja wa New York, Anthony Jackson, alikwazwa na ukomo huohuo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaamua kwenda kubisha hodi kwa mafundi.

Tarehe hii ni yake na ya mafundi waliomfungulia mlango. Karibu wote walikuwa Brooklyn, na walirithishana kazi kama wanavyorithishana wachonga milango: huyu kafundishwa kwa yule, yule katoka kwa fulani.

Besi ya umeme yenyewe ina umri mfupi. Katikati ya miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza Audiovox 736, gitaa la besi lenye freti linalopakatwa kama gitaa la kawaida. Halikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender, aliyekuwa fundi redio huko California, akatoa Precision. Lilikuwa na nyuzi 4, freti 20, na urefu wa uzi unaotetema wa inchi 34, yaani milimita 864. Idadi ya nyuzi na noti zake, E, A, D na G, alizichukua kutoka kontrabasi, lile zeze kubwa la kusimama linalopigwa kwenye okestra na jazi. Alitaka kumpunguzia mpiga kontrabasi mzigo wa kubeba na kumwezesha kusikika, na hayo mawili aliyaweza kweli.

Waliojaribu kuongeza nyuzi baada yake waliongeza upande wa juu. Danelectro walitoa besi ya nyuzi 6 mwaka 1956, na Fender wakatoa Bass VI mwaka 1961. Zote mbili ni gitaa la kawaida lililoshushwa oktava moja, uzi wake wa chini ni E ileile. Bass V ya mwaka 1965 ilikuwa na nyuzi 5, na ule wa tano ni C ya juu. Kwa hiyo dari ilipandishwa mara tatu, sakafu haikuguswa.

Jackson, aliyezaliwa mwaka 1952, alikuwa na masikio ya namna yake. Alimpenda James Jamerson wa Motown kama walivyompenda wapiga besi wote wa rika lake, lakini alimpenda pia Olivier Messiaen, Mfaransa aliyetunga muziki wa kinanda cha kanisani, kile chenye mabomba ambayo noti zake za chini mtu huzisikia kifuani kabla ya masikioni. Mwaka 1973, kwa besi ya nyuzi 4, alipiga mshororo unaofungua “For the Love of Money” ya The O'Jays, akatajwa miongoni mwa watunzi wake pamoja na Gamble na Huff. Mtu aliyefika hapo akiwa na miaka 21 angeweza kutulia. Yeye alikuwa na hoja iliyomsumbua: besi ni mwanaukoo wa gitaa, ndiye wa chini kuliko wote katika ukoo huo, na gitaa lina nyuzi 6. Kwa nini hili moja libaki na 4, kwa sababu tu Fender aliifikiria kontrabasi? Akataka B chini ya E, na C juu ya G. Chombo hicho alikipa jina la gitaa la kontrabasi.

Aliyekubali kumtengenezea ni Carl Thompson, mpiga gitaa aliyegeuka fundi, mtu ambaye pia alimtengenezea mpiga besi Stanley Clarke besi ndogo yenye sauti ya juu. Gitaa la Jackson lilikamilika mwaka 1975, akasafiri nalo kwenye ziara ya mwimbaji Roberta Flack. Mwaka uliofuata mpiga besi Jimmy Johnson naye alikuwa na besi ya Alembic ya nyuzi 5 yenye B ya chini. Lakini Jackson hakuziacha nyuzi 4 siku ileile. Miaka ya mwisho ya 1970 ilimkuta bado anazipiga, kwa sababu la Thompson lilikuwa limefungua njia tu, na matatizo yaliyokuwa yamejificha ndani ya wazo lake yalikuwa ndiyo kwanza yanajitokeza.

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo mtu anapoelewa kwa nini fundi hawezi kuchukua besi ya nyuzi 4, akaipanua ubao na kutoboa matundu mawili zaidi. E ya chini hutetema mara 41 kwa sekunde, B iliyo chini yake karibu mara 31. Ukiuchukua uzi uleule, kwa urefu uleule, ukaushusha kutoka E hadi B, mvuto unaobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa mwanzo. Ndiyo kamba yangu ya kuanikia nguo hiyo. Dawa ya kwanza ni kuunenepesha uzi: E huwa na unene wa inchi 0.105 hivi, B hufika 0.130. Lakini uzi mnene ni mgumu, unataka kuwa nondo. Hautetemi vizuri karibu na ncha zake, na vijisauti vya juu vinavyotuwezesha kutambua noti vinapotoka kidogo kwenye mstari. Dawa ya pili ni kuurefusha. Kutoka inchi 34 hadi 36, uzi uleule kwenye noti ileile hupata mvuto zaidi kwa karibu asilimia 12. Inchi mbili! Ukiziweka kwenye rula zinaonekana si kitu, lakini zinaitoa B kwenye tope.

Urefu nao una bei yake. Nafasi za freti hupatikana kwa kugawanya urefu wa uzi kwa 17.817, unaweka freti ya kwanza hapo, kisha unagawanya kilichobaki kwa hesabu ileile, na kuendelea. Kwenye inchi 34 freti ya kwanza iko milimita 48.5 kutoka mfupa wa shingoni. Kwenye inchi 36 iko milimita 51.3. Kidole kinatanuka zaidi kwa kila hatua, wimbo mzima, usiku mzima. Na C ya juu, ambayo haikuhitaji kurefushwa hata kidogo, inakazwa mpaka inakuwa kama waya wa seng'enge.

Hesabu hiyo ilifanyiwa kazi na mikono kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jackson alikwenda kwa Ken Smith, mpiga kontrabasi wa New York aliyekuwa ameanza kutengeneza besi za umeme. Smith alimpa nyuzi 6 zilizoachana zaidi kuliko zile za Thompson, hata kidole cha kulia kikapata pa kupita. Kwenye shingo ya nyuzi 6 milimita moja au mbili kati ya uzi na uzi ndiyo tofauti ya kupiga na kubahatisha. Kuanzia wakati huo Jackson alipiga nyuzi 6 moja kwa moja.

Vinny Fodera, kijana aliyeingia kujifunza kazi kwa Stuart Spector mwaka 1977 katika karakana ya ushirika wa maseremala ya Brooklyn, alifanya kazi kwa Smith pia. Mwaka 1983 aliungana na mpiga besi Joey Lauricella, wakafungua karakana yao, nayo ikaitwa Fodera. Jackson akawafuata. Nadhani huku kufuatana ndiko kulikokifanya chombo hiki kifike kilipofika. Mteja alikuwa mmoja, mkaidi, mwenye masikio, na kila gitaa alilopewa alilipiga studio na jukwaani kisha akarudi na orodha ya kasoro, na mafundi wakalipokea gitaa lililofuata kama deni lao. Fodera walimrefushia uzi hadi inchi 36, wakampa freti 28, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wakalifanyia kiwiliwili chake jambo ambalo leo linaigwa kila pahala. Upande wa juu haukukatwa kama ilivyo desturi. Ubao wa kiwiliwili unapanda na kuikumbatia shingo mpaka katikati ya freti, ili shingo isiwe kijiti kirefu kinachochezacheza na kunyonya nguvu za B.

Shingo ndiyo moyo wa kazi yote. Nyuzi 6 zikikazwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 100, uzito wa gunia la mahindi, usiku na mchana, likipigwa na lisipopigwa. Ndiyo maana fundi wa besi hizi haichongi kutoka kwenye ubao mmoja. Anachukua vipande 3, 5 au 7, mara nyingi mepo katikati ya mistari ya mti mgumu zaidi. Anavigeuza ili nyuzi za mti za kipande hiki zielekee kinyume na za jirani yake, kila kimoja kimzuie mwenzake asipinde, kisha anavipaka gundi na kuvibana kwa jiriwa. Ndani hupita chuma cha kurekebishia, na kwa shingo pana wengine hulaza na vijiti vya kaboni. Anapochonga, anaondoa kidogo kwa randa, kisha anauacha mti upumzike, kwa sababu mti uliokatwa hutafuta mkao mpya. Akirudi anaweka rula iliyonyooka juu yake na kuchungulia mwanga chini ya rula. Mwanga ukionekana katikati, kazi haijaisha. Wenye haraka hawaifai kazi hii, na wateja wa magitaa haya wamezoea kusubiri miezi, wengine zaidi ya mwaka.

Mistari ile ya mti mgumu mara nyingi ni wenge, mti wa misitu ya Kongo, ambao jina lake wapenzi wa muziki wa Kinshasa walilijua kupitia bendi ya Wenge Musica kabla ya kuuona mti wenyewe. Ni wa kahawia iliyoiva karibu na weusi, wenye michirizi myembamba na vibanzi vinavyochoma kama miiba. Na kwetu kuna mpingo. Kwenye ubao wa vidole hauna mshindani. Una uzito unaouzamisha majini, na vinyweleo vyake ni vidogo kiasi kwamba ukisuguliwa kwa msasa laini unang'aa bila rangi. Lakini mpingo hupinda, mara nyingi moyo wake una tundu, na huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Zumari za Ulaya zinahitaji vipande vifupi. Ubao wa vidole wa nyuzi 6 unahitaji kipande kilichonyooka chenye urefu wa milimita 700 hivi na upana wa kiganja. Kwenye shehena nzima ya magogo vipande vya namna hiyo ni vya kuhesabu. Tangu Januari 2017 aina zote za jamii ya mpingo ziko chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa masharti hayo mwishoni mwa 2019. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Natamani fundi wa ng'ambo anayesugua ubao mweusi ayajue majina hayo mawili kama anavyojua jina la duka lililomuuzia.

Baada ya Jackson mlango ulibaki wazi. John Patitucci aliipeleka besi ya nyuzi 6 kwenye jazi ya Chick Corea, viwanda vikubwa vikaanza kuitengeneza, na Bill Conklin wa Missouri akaenda kwenye nyuzi 7 na zaidi. Ugomvi wa urefu, B inayotaka uzi mrefu na C inayotaka mfupi, ulipata jibu kwa Ralph Novak, aliyepata hataza mwaka 1989 ya freti zilizotandazwa kama upepeo, kila uzi na urefu wake. Sheldon Dingwall wa Saskatoon, Kanada, akaliingiza kwenye besi: inchi 37 upande wa B, 34 upande wa juu. Macho yanasema shingo imepinda, lakini vidole vinazoea kwa haraka ya kushangaza. Jackson mwenyewe alikwenda njia nyingine. Aliondoa. Gitaa lake la Fodera halina kitufe cha sauti wala cha kurekebisha toni. Waya unatoka kwenye sumaku ya kunasa mtetemo na kwenda moja kwa moja kwenye tundu la kebo.

Mimi nililishika la nyuzi 6 kwa mara ya kwanza kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam, la kiwandani, limeletwa kwa sababu joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimeivuta shingo. Fundi aliweka rula, akachungulia, akazungusha chuma cha ndani robo tu ya mzunguko, akakaza nyuzi upya, akachungulia tena. Kisha akanipa nijaribu. Shingo ilijaa kiganjani kama ubao wa kukatia mboga. Nikashuka kwenye uzi mnene kabisa, freti ya tatu, nikaikuta D yangu ya miaka yote. Uzi umekazwa, umetulia, na benchi la fundi likatetemeka chini ya kiwiko changu.