Kamera ya Sahani (Mombasa Bara)

Kamera ya sahani ni kamera kubwa ya mbao au chuma inayopiga picha moja moja. Zamani ilitiwa sahani ya kioo. Siku hizi hutiwa kipande cha filamu, kwa kawaida inchi 4 kwa 5 au zaidi. Mbele ina lenzi, katikati mvukuto wa ngozi, na nyuma kioo chenye ukungu ambamo mpiga picha, kajifunika kitambaa cheusi, huiona sura imepinduka, kichwa chini.

Upande wa bara wa Mombasa, kamera hizi zilipita na reli. Mpiga picha William D. Young alipiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikavuka Makupa hadi Changamwe na kufika Kisumu mwaka 1901. Lakini wapiga picha wa kivuko cha Likoni wa miaka ya 1990, waliochunguzwa na mwanaanthropolojia Heike Behrend, walitumia kamera ndogo mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Hilo halishangazi: anayewahi feri hana subira ya kamera kubwa inayosimamishwa juu ya miguu mitatu.

Adui mkubwa wa kamera hizi Pwani ni unyevu. Kuvu huota juu ya lenzi na kutoa asidi inayokula kioo, na hustawi zaidi gizani, pasipo hewa. Kwa hiyo kamera iliyofungiwa kabatini huharibika upesi kuliko inayotumiwa. Mvukuto hupimwa usiku kwa kuwasha tochi ndani yake. Tundu likionekana, fundi viatu huliziba kwa kiraka chembamba cha ngozi. Mbao zilizovimba ni kazi ya seremala, mradi asing'oe skrubu za shaba na kutia za chuma, maana chumvi itazila.

Kusafisha filamu nako kuna tabu yake. Dawa nyingi zimepimiwa nyuzi 20 za selsiasi, ilhali maji ya bomba Mombasa huwa na joto zaidi. Bila barafu, negativu inaweza kuiva kupita kiasi. Wenye mfuko mwembamba hutumia filamu ya eksirei, ambayo haioni wekundu na husafishwa chini ya taa nyekundu. Nyingi zimepakwa dawa pande zote mbili, hivyo huchubuka upesi.

Anayenunua kamera ya kwanza aikague lenzi kabla ya mbao. Mbao hutengenezeka hata Kisauni. Lenzi iliyokwisha kuliwa na kuvu haitengenezeki.