Walioua hawakuwa na bunduki: Arusha 1916

Tukizungumza habari za Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu, watu hukimbilia Tanga na hadithi ya nyuki. Sawa, nyuki walikuwepo. Lakini siku ileile Waingereza wakishuka Tanga, tarehe 3 Novemba 1914, kikosi chao kingine kilikuwa kinapanda mlima Longido, huku kwetu kaskazini. Nyumbu waliobeba maji wakakurupushwa, wakatoweka porini. Jua la Longido mnalijua wenyewe. Kufika usiku jamaa wakarudi walikotoka. Kiu ilichangia sana kuwashinda.

Nimekuwa nikisoma habari za vita hii kwa muda sasa, na kila nikifungua kurasa nakutana na kitu kilekile: maji, choo, uji mbichi, miguu iliyooza.

Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteka Moshi na Arusha. Wakati huo mji ulikuwa ile Boma ya Wajerumani (leo Makumbusho ya Elimu Viumbe) na maduka ya kuhesabika. Aprili 3, Van Deventer akatoka hapa na wapanda farasi wapatao 1,200 kwenda Kondoa Irangi. Hebu fikiria: unaiacha Arusha yenye Themi na Naura, maji baridi ya Mlima Meru, unaingia mbugani kusini ambako chemchemi ziko mbalimbali. Pale Lolkisale vita yenyewe ilikuwa ya kugombea maji ya mlima ule. Kisha masika ikashuka. Farasi wakafa kwa mamia kwa maradhi, watu wakaanguka kwa malaria na kuhara damu, na waliofika Kondoa walikuwa karibu nusu tu ya walioondoka.

Mfano mwingine: kikosi cha pili cha Rhodesia. Katika vita hii walipita humo watu elfu moja na kidogo. Waliouawa vitani ni 36. Visa vya ugonjwa vilivyoandikwa ni zaidi ya 10,000! Maana yake mtu mmoja aliugua mara kumi hivi.

Hao walikuwa Wazungu wenye buti, vyandarua na kwinini. Sasa njoo kwa mpagazi.

Mpagazi alitembea peku na mzigo kichwani. Funza wakaingia vidoleni. (Kumbe funza naye alikuwa mgeni: aliletwa na meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya watu mpaka pwani yetu.) Kidonda cha funza kisipooshwa huoza, na asiyeweza kutembea aliachwa nyuma. Chakula chake kilikuwa unga wa mahindi. Wengi walitoka kwenye ndizi au mchele, hawakuuzoea. Tena wanafika kambini usiku, kuni zimelowa, sufuria hakuna, wanakula ugali ambao haujaiva. Tumbo linaharibika. Anakwenda haja jirani na kijito kwa sababu hakuna aliyechimba choo, na kesho msafara unaofuata unachota hapohapo. Hivyo ndivyo kuhara damu kulivyotembea na jeshi, kambi hadi kambi.

Na wala haikuwa siri. Madaktari wa jeshi walijua vizuri habari za kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Oscar Watkins, Mwingereza aliyesimamia wapagazi, aligombana na wakubwa wake kudai chakula kilichopikwa, mablanketi na hospitali. Mambo yalipoanza kurekebishwa, maelfu walikuwa wameshazikwa. Mimi nasema huo ni uamuzi, maana mtu aliamua nafasi ya kubebea risasi ni muhimu kuliko ya kubebea masufuria.

Wajerumani nao hawakuwa malaika, wapagazi wao walikamatwa vijijini wakaswagwa hivyohivyo. Ila kwa dawa walikuwa wajanja: kule Amani, Usambara, walitengeneza kwinini yao wenyewe kutokana na magome ya miti waliyopanda, na ilipokuwa haba wakanywa maji machungu ya magome hayo.

Hesabu za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Halafu mwishoni mwa 1918, bunduki zikinyamaza, homa ya mafua ikawakuta wengine kambini wakisubiri kurudishwa makwao.

Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari tangu 1927. Ni askari mwenye bunduki na singe, ameelekea bandarini. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Jina lao ndilo limebaki sokoni: Kariakoo, yaani Carrier Corps. Huku Arusha, kwenye njia ya Lolkisale, sijaona hata kibao.