Baseball Ground

Baseball Ground ulikuwa uwanja wa mpira wa miguu katika mji wa Derby, Uingereza. Ulikuwa makao ya klabu ya Derby County kuanzia mwaka 1895 hadi 1997. Unakumbukwa kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hayaendi pamoja: katika miaka ya 1970 timu yake ilitwaa ubingwa wa Uingereza mara 2, na katika miaka hiyohiyo eneo lake la kuchezea lilikuwa miongoni mwa yaliyosifika kwa ubovu katika ligi ya juu ya nchi hiyo. Kuanzia majira ya mvua na baridi, nyasi zilitoweka na wachezaji walicheza juu ya tope.

Historia

Jina la uwanja linatokana na mchezo wa besiboli. Francis Ley, mmiliki wa kiwanda cha kusubu chuma mjini Derby, alivutiwa na mchezo huo alipotembelea Marekani, akauanzisha kwa wafanyakazi wake katika kiwanja kilichokuwa kando ya kiwanda. Besiboli haikudumu sana nchini Uingereza, lakini jina lilibaki.

Derby County ilianzishwa mwaka 1884 na ilikuwa mojawapo ya klabu 12 zilizoanzisha ligi ya Uingereza mwaka 1888. Mwanzoni ilitumia kiwanja cha kriketi. Mwaka 1895 ilihamia Baseball Ground, na mwaka 1924 iliununua uwanja huo. Katika miaka ya 1930 yalijengwa majukwaa ya ghorofa mbili nyuma ya magoli yote mawili, na mwaka 1969 likaongezwa jukwaa jingine upande wa kiwanda. Mwaka huohuo, tarehe 20 Septemba, watazamaji 41,826 waliingia kuangalia mechi dhidi ya Tottenham Hotspur. Idadi hiyo haikupitwa tena katika uwanja huo.

Sababu za ubovu wa uwanja

Ubovu wa Baseball Ground haukutokana na sababu moja. Mambo kadhaa yalikutana mahali pamoja.

Kwanza, uwanja ulibanwa kati ya viwanda na nyumba za wafanyakazi, na eneo la kuchezea lilikuwa chini kuliko mitaa iliyouzunguka. Maji ya mvua yalituama kwa sababu hayakuwa na njia nzuri ya kutoka.

Pili, majukwaa marefu yalikuwa karibu sana na mistari ya uwanja. Watazamaji walifurahia kuwa karibu na wachezaji, na kelele zao ziliwatisha wageni. Lakini majukwaa hayohayo yalizuia jua na upepo, vitu viwili vinavyosaidia udongo kukauka na nyasi kukua.

Tatu ni kalenda ya ligi. Msimu wa Uingereza huanza Agosti na kumalizika Mei, hivyo mechi nyingi huchezwa wakati wa baridi. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, nyasi karibu huacha kukua. Nyasi ikichimbuliwa na viatu mwezi Desemba, pengo lake halizibiki hadi majira ya kuchipua.

Nne ni udongo wenyewe. Udongo uliolowa ukikanyagwa mara kwa mara hushikamana na kuwa mgumu. Nafasi ndogo za hewa zilizomo ndani yake hufungwa, mizizi hukosa hewa na maji hushindwa kupenya kwenda chini. Kila mechi inayochezwa kwenye tope huharibu uwanja kwa ajili ya mechi inayofuata.

Athari kwa mchezo

Tope hubadilisha mchezo. Pasi ya chini husimama kabla ya kufika, mpira haudundi kama inavyotarajiwa, na mchezaji mwenye mbio hupoteza nguvu yake. Hata hivyo, Derby County ya miaka hiyo haikuwa timu ya kupiga mpira mbele tu. Chini ya meneja Brian Clough na msaidizi wake Peter Taylor, ilikuwa na wachezaji wa ufundi kama mabeki Roy McFarland na Colin Todd, kiungo Archie Gemmill na winga Alan Hinton. Ilipanda Daraja la Kwanza mwaka 1969, ikawa bingwa msimu wa 1971–72, na ikarudia ubingwa msimu wa 1974–75 chini ya Dave Mackay.

Wageni wengi waliamini kwamba tope lilikuwa silaha ya wenyeji. Mfano unaotajwa zaidi ni mechi ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya ya tarehe 25 Oktoba 1972 dhidi ya Benfica ya Ureno, timu iliyokuwa na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Inasimuliwa kwamba Clough aliagiza uwanja umwagiwe maji kwa wingi kabla ya mechi ili kupunguza kasi ya wageni. Derby ilishinda 3–0, kisha ikatoka sare 0–0 mjini Lisbon. Katika mashindano hayo ilifika nusu fainali, ikatolewa na Juventus, lakini haikufungwa goli hata moja katika mechi zake 4 za nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1975 iliifunga pia Real Madrid 4–1, Charlie George akifunga magoli 3, ingawa ilitolewa baada ya kufungwa 5–1 nchini Hispania.

Si haki, hata hivyo, kuyahesabu mafanikio hayo yote kuwa kazi ya tope. Timu mwenyeji ilicheza hapo nusu ya mechi zake za ligi kila msimu, na wachezaji wake walichoka na kuteleza kama wengine. Faida yao ilikuwa mazoea, lakini gharama ya uwanja mbovu waliilipa mara nyingi kuliko mgeni yeyote.

Penalti ya mwaka 1977

Tukio linalojulikana zaidi lilitokea tarehe 30 Aprili 1977, Derby ilipocheza na Manchester City. Wenyeji walikuwa wakipigana wasishuke daraja, na wageni walikuwa wakiwania ubingwa. Karibu na mwisho wa mechi mwamuzi aliipa Derby penalti, lakini alama ya penalti haikuonekana. Ilikuwa imefukiwa na tope.

Sheria za mpira wa miguu zinataka alama hiyo iwe mita 11, yaani yadi 12, kutoka mstari wa goli. Mtunza uwanja aliitwa, akaingia na utepe wa kupimia, ndoo ya rangi nyeupe na brashi, akapima umbali na kuchora alama upya huku wachezaji na golikipa Joe Corrigan wakisubiri. Gerry Daly alipiga na kufunga, na Derby ikashinda 4–0.

Picha za tukio hilo hurudiwa mara kwa mara kama kichekesho. Lakini mwisho wa msimu Manchester City ilikuwa ya pili, pointi 1 tu nyuma ya Liverpool. Penalti yenyewe haikuamua mechi, kwa kuwa City ilikuwa tayari nyuma. Derby ilinusurika kushuka daraja.

Mwisho wa uwanja

Baada ya maafa ya Hillsborough mwaka 1989, klabu kubwa za Uingereza zilitakiwa kuondoa sehemu za kusimama na kuweka viti kwa watazamaji wote. Uwezo wa Baseball Ground ukapungua hadi takriban watu 18,000, na nafasi ya kuupanua haikuwepo. Mechi ya mwisho ya ligi ya timu ya kwanza ilichezwa tarehe 11 Mei 1997, Derby ikifungwa na Arsenal 3–1. Klabu ilihamia uwanja mpya wa Pride Park. Timu ya akiba iliendelea kutumia uwanja wa zamani kwa miaka michache, kisha ukabomolewa na nyumba zikajengwa mahali pake.

Viwanja vingine

Klabu nyingine za Uingereza zilijaribu kulikimbia tope kwa kuweka nyasi bandia, kama Queens Park Rangers mwaka 1981 na Luton Town mwaka 1985. Wachezaji walilalamikia michubuko na mdundo mkubwa wa mpira, na nyasi hizo za awali zikapigwa marufuku katika ligi. Siku hizi klabu kubwa hutumia msingi wa mchanga wenye mabomba ya kutolea maji, taa za kuoteshea nyasi, na nyasi za asili zilizoshonewa nyuzi za plastiki. Hata hivyo, tatizo la kivuli cha majukwaa halijaisha. Uwanja mpya wa Wembley, London, uliofunguliwa mwaka 2007, ulilazimika kubadilishiwa nyasi mara nyingi kabla ya kuwekewa nyasi za mchanganyiko huo mwaka 2010.