Wema wa Kupimiwa Malipo

Ndugu msomaji, uwe Mkotokuyana au Mombasa, huenda mwanao anaipenda michezo ya video ya kutisha. Mwaka 1996 ilitoka Resident Evil ya Japani. Humo kazi kubwa ya mchezaji ilikuwa kujiokoa na wafu wanaotembea. Mwaka 2007 ikatoka BioShock, ikamtia mchezaji mtihanini: amuue msichana mdogo apate mafungu 160 ya dawa ya nguvu, au amwokoe apate 80. Lakini kila akiokoa watatu hutunukiwa 200 zaidi. Basi mwema hupata 440, na muuaji 480! Wema huo umekaribia biashara. Muislamu hutenda kwa ikhlasi, ijapokuwa malipo hayaonekani. Muulize mwanao: ungemwokoa bila ya tunzo?