Arzihali za Sura Ndogo: Historia ya Watu Katika Emoji

Katika mwaka 1999, kampuni ya simu ya Kijapani iitwayo NTT DoCoMo ilipokuwa ikiandaa huduma yake ya i-mode, ambayo barua zake hazikuruhusiwa kuzidi herufi 250, mfanyakazi wake kijana, Shigetaka Kurita, alisanifu picha 176 za kufupisha maneno, yaani emoji, kila moja ikiwa imetiwa ndani ya mraba wenye nukta 12 kwa urefu na 12 kwa upana. Hakuwa wa kwanza, kwa maana kampuni nyingine ya huko huko ilikwisha kutoa simu yenye picha 90 mwaka 1997. Lakini kazi yake ndiyo iliyoenea, na katika mwaka 2016 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York liliitia katika hazina yake. Nukta 144 zilitosha kuonyesha jua, moyo au mwavuli, wala hazikutosha kuonyesha kama mwenye uso ni mweusi, mweupe au wa maji ya kunde. Kwa hiyo katika zama hizo swali la nani amechorwa na nani ameachwa halikuwa na mahali pa kusimama.

Swali hilo lilizaliwa picha zilipokua na kupata nakshi. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa kwa mamia katika daftari la Unicode, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1991 kwa kusudi la kuipa kila herufi ya kila lugha namba moja itakayofahamika na mashine zote duniani. Wenye kura katika jumuiya hiyo aghalabu ni makampuni makubwa kama Apple, Google na Microsoft, ingawa Wizara ya Awqaf na Mambo ya Dini ya Oman nayo imepata kukaa katika safu yao. Mwaka 2011 Apple ilipozifungua emoji kwa wateja wake wa ulimwengu mzima, watu wakaona ya kuwa bibi harusi, askari, mzee na mtoto mchanga walikuwa wote wa ngozi nyeupe, na waliotofautiana nao walikuwa wawili tu, yaani mwenye kilemba na mwenye kofia ya Kichina.

Miongoni mwa walioona upungufu huo na wasinyamaze alikuwa Katrina Parrott, Mmarekani mweusi wa Houston katika jimbo la Texas, ambaye binti yake alimwambia kwamba angependa kuwapelekea rafiki zake emoji inayofanana naye. Mama huyo hakungoja. Mnamo Oktoba 2013 alitoa programu ya picha za watu wa rangi mbalimbali, kisha akahudhuria mikutano ya Unicode na kutoa rai yake mbele ya wataalamu. Mwaka 2014 Apple ilikiri hadharani kwamba emoji zilihitaji watu wa namna nyingi zaidi, na mwaka 2015 alama tano za rangi ya ngozi zikaidhinishwa. Kampuni ya Parrott iliishtaki Apple mwaka 2020, lakini madai yakatupwa, maadamu sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu.

Alama hizo tano zina asili ya kustaajabisha. Zilitolewa katika kipimo cha Thomas Fitzpatrick, tabibu wa ngozi wa Marekani, alichokitunga mwaka 1975 ili kukadiria kiasi cha mwanga wa tiba ambacho ngozi ya mgonjwa ingestahimili. Na kipimo chenyewe kilianza na daraja nne za watu weupe, ngozi za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye. Hata katika mizani iliyokuja kuondoa upungufu, basi, mweusi alikuwa mgeni aliyekaribishwa wenyeji walipokwisha kukaa. Na ikiwa mtumiaji hachagui, hupewa rangi ya manjano, isiyo ya binadamu yeyote.

Mlango ulipofunguliwa kwa rangi, wengine walifuata. Mei 2016 wafanyakazi wanne wa Google waliandika kwamba wanaume wa emoji walikuwa askari na wapelelezi, ilhali wanawake walikuwa mabibi harusi, mabinti wa kifalme na wenye kukatwa nywele; mwaka huo huo zikakubaliwa fani 11 kwa wanaume na wanawake sawasawa, kwa ufundi wa kuunganisha alama mbili kuwa picha moja, hata mwanamke akiunganishwa na mashuke ya mpunga huwa mkulima. Kadhalika Rayouf Alhumedhi, msichana wa Kisaudi wa miaka 15 aliyekuwa akikaa Berlin, alipokosa picha ya mwenye kujitanda kama yeye, aliandika arzihali iliyopangwa kwa hoja, na mwaka 2017 mwanamke mwenye mtandio akaingia daftarini. Mwaka 2019 wakaja wenye viti vya magurudumu, mkono wa bandia, kifaa cha kusikilizia na mbwa wa kumwongoza kipofu, kwa ombi ambalo Apple ililipeleka mwaka uliotangulia.

Katika habari hizi zote dhahiri ni moja: hakuna aliyeingizwa kwa kukumbukwa. Kila aliyeingia aliomba, au aliombewa, kwa maandishi, kwa ushahidi, na kwa subira. Haya ndiyo yaelezayo kwa nini daftari lina keki ya samaki ya Kijapani, lina tako ya Mexico tangu 2015 na sari ya Kihindi tangu 2019, wala halina kanga, ugali wala bao. Afrika haikosi wachoraji: O'Plérou Grebet wa Côte d'Ivoire alichora picha moja ya maisha ya Kiafrika kila siku katika mwaka 2018. Lakini picha zisizo na namba ya Unicode husafiri kama stika tu, haziwezi kuandikwa ndani ya sentensi kama herufi.

Unicode hupokea maombi ya emoji kila mwaka kutoka kwa mtu yeyote, na humtaka mwombaji aonyeshe kwamba picha yake itatumiwa na wengi na kwamba hakuna nyingine inayotosha badala yake. Wasanii wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na walimu wanaowafundisha, wanao uwezo wa kuthibitisha hayo kwa kanga bila taabu. Kulalamika kwamba tumesahauliwa ni haki yetu, lakini haki hiyo haitatuletea kitu mpaka mmoja wetu akae chini aandike.