Herufi L

Kauli ni ileile kila nikipanda gari la Mlandizi: Kiingereza kilikufa mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, na mabaki yake yamejificha seminari. Juzi mzee mmoja, tulipokaribia Visiga, alimwonesha jirani yake njia ya Seminari Ndogo ya Mtakatifu Maria akasema, "Kiingereza kimesalia pale tu." Gari zima likaafiki. Mimi nilikuwa nashuka.

Ningebaki, ningeanza na herufi moja. Tahasusi za sanaa za kidato cha tano na sita zinajulikana: HGL, HKL. H ni Historia, G ni Jiografia, K ni Kiswahili. L je? Ni "lugha" kwa Kiingereza, nayo maana yake ni Kiingereza. Kiswahili kina jina. Mwenzake ndiye lugha yenyewe, kana kwamba sisi wengine tunapiga miluzi.

Historia ya mitihani yetu, kutoka Cambridge hadi Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, kisha Baraza letu la Mitihani mwaka 1973, imeandikwa sana. Kiini cha kesi hii ya Kiingereza kiko kati ya 1982 na 1984. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza Januari 1985, kipande hatua kwa hatua hadi chuo kikuu. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia msingi hadi chuo kikuu. Ripoti yao husifiwa na wasioisoma. Walikuta Kiingereza cha sekondari hakitoshi kabisa kujifunzia masomo mengine. Hata chuo kikuu, waliopimwa na kuonekana kumudu bila taabu vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Kisha wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia, ila kiongezewe nguvu.

Yule mzee angedakia: hao si ndio watoto wa 1967? Ndio. Lakini wale wa chuo kikuu walikuwa wameketi miaka sita ya sekondari, kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na Siasa. Kama kufundishiwa lugha ni kufundishwa lugha, miaka sita ilikwenda wapi? Kwa miaka mingi kijana wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) alitumbukizwa katika Kiingereza asubuhi hadi jioni, na hakuwa na kipindi kimoja cha Kiingereza tangu amalize kidato cha nne. L ilikuwa ya watu wa sanaa.

Na hao wa L walisoma nini? Katika vitabu teule vilivyodumu miaka mingi alikuwamo Henrik Ibsen, aliyeandika tamthilia ya *An Enemy of the People* kwa Kinorwei mwaka 1882. Ilikuwamo pia *I Will Marry When I Want* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyochezwa kwa Kigikuyu kule Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Somo la Kiingereza, tamthilia mbili, zote tafsiri.

Niliwahi kuifundisha hiyo ya pili. Mhusika wake, Kigũũnda, amening'iniza ukutani hati ya ekari moja na nusu. Nikauliza kwa Kiingereza kwa nini hati, si picha. Kimya. Kijana wa nyuma akasema kwa Kiswahili: "Mwalimu, kwetu babu anaiweka chini ya godoro, kila wiki dalali anakuja." Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Alijaza ukurasa kwa Kiingereza, nami sikuwa na la kusahihisha ila nyakati za vitenzi viwili.