Ndovu wa Kimana na Mkataba wa Barafu

Kila nikitoka Kitengela kwenda Kimana, lazima nipate mtu wa kunipigia ile stori: ati Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka umepinda. Stori tamu, lakini si kweli. Mpaka ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na Wilhelm hakuwa hata ameingia ikulu. Mstari ulipita kaskazini mwa mlima, ukawagawa Wamaasai huku na huku bila mmoja wao kuulizwa. Barafu ikabaki upande wa pili. Sisi tukabaki na mandhari, pamoja na chemchemi zinazolishwa na mlima huohuo.

Ndovu hawakuambiwa. Wale wa Amboseli hupitia hifadhi ya Kimana, ambayo jamii iliifungua 1996, na wengine huvuka hadi Enduimet, Tanzania. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, lakini Tanzania bado huuza vibali. Mwaka 1994 madume wa Amboseli walipigwa risasi upande ule, kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata serikali hizi mbili zikaelewana kwamba eneo la mpakani lisiwindwe. Yalikuwa makubaliano ya kiungwana tu, na kusema kweli yalishika karibu miaka 30. Tim, dume mkubwa aliyezoeleka sana Kimana, alikufa kifo cha Mungu Februari 2020, akiwa na miaka 50 hivi.

Kisha, kuanzia Septemba 2023, katika muda usiofika mwaka, madume wasiopungua watano wakauawa Enduimet. Si majangili hao. Ni wawindaji wenye vibali.

Watanzania wana hoja yao: ndovu akiwa kwao ni mali yao kisheria, na ada ya uwindaji ni pesa. Sisi nasi twasema ni ndovu wetu, tumewalea, tumewapa hadi majina. Ubishi wa aina hii hauna mwisho, na hapo ndipo ninapoona tungejifunza kitu kutoka mbali sana, kwenye barafu nyingine, Ncha ya Kusini.

Kule Antaktika nchi saba zilikuwa zimejichorea mistari: Uingereza, Ufaransa, Norwe, Australia, New Zealand, Chile na Argentina. Mistari ya Uingereza, Chile na Argentina ilipandana kabisa. Ongeza Vita Baridi juu yake, uone vile ingekuwa noma. Lakini tarehe 1 Desemba 1959, nchi 12 zilitia sahihi mkataba mjini Washington, Marekani na Umoja wa Kisovieti zikiwemo. Ninachokipenda humo ni kifungu cha 4. Hakimnyang'anyi yeyote dai lake, wala hakimkubalii. Dai linawekwa kando, kazi inaendelea: hakuna kambi za vita, hakuna kulipua mabomu ya nyuklia wala kutupa taka zake. Halafu kuna kifungu cha 7, cha ukaguzi. Mwaka 1964 Wamarekani walienda kukagua vituo vya Wasovieti, wakapokewa. Mwaka 1991 nchi za mkataba zikaongeza itifaki ya Madrid, inayokataza uchimbaji wa madini.

Tusiwasifu kupita kiasi, lakini. Afrika kwenye meza ile iliwakilishwa na Afrika Kusini ya makaburu peke yake. Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka utawala ule utolewe kwenye mikutano ya mkataba. Haukutolewa. Wenye meza walikuwa wamejichagua wenyewe, kama wale wa 1886.

Kwa hivyo karatasi ya mpaka wetu isiandikwe Nairobi na Dodoma pekee. Wafugaji wa Kimana na wa Enduimet wawe mezani tangu siku ya kwanza. Swali la ndovu ni wa nani liwekwe kando. Iandikwe ni wapi bunduki haziingii, na askari wa wanyamapori wa kila upande waruhusiwe kuvuka kukagua upande wa pili. Haihitaji kuwa ndefu. Ule mkataba wa Antaktika una vifungu 14 tu.